Majani Yenye Umande

Fimbo ya towashi Pang haikushuka.

Tuliiacha hewani, msomaji, juu ya mgongo wa kijakazi Dongmei, mlisha viwavi, aliyekuwa amelazwa kifudifudi kwenye sakafu ya Nyumba ya Viwavi. Viwavi wa hariri wa Bibi Miaozhen walikuwa wamekufa wote kwenye ungo wao, weusi, laini, wananuka. Kuna mtu alikuwa ameweka majani ya mforosadi yenye umande katika kapu la chakula chao. Kiwavi wa hariri akila jani lenye maji huharisha, na akiharisha hafiki kesho.

Wewe na mimi tunajua kwamba mtu huyo si Dongmei. Mwenyewe alikuwa amesimama karibu na dirisha, amevaa joho la kijani, mikono ameificha ndani ya nguo. Alikuwa Bibi Ruolan, mke wa tatu wa Mfalme, naye alikuwa tayari kabisa kuangalia kijakazi akipigwa.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Mwacheni huyo. Majani nimeleta mimi."

Kitu cha kwanza alichohisi Ruolan kilikuwa nafuu. Tusimpambe. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Amepatikana mwingine, basi, yamekwisha.

Kisha akageuka kumtazama huyo mwingine.

Alikuwa Chengyu.

Chengyu ni mwana mkubwa wa Mfalme. Ametimiza miaka kumi na mitatu. Amelelewa na Bibi Miaozhen, mke mwenza wa Ruolan, anamwita Miaozhen mama, analala chini ya paa la Miaozhen. Lakini tumbo lililombeba ni la Ruolan.

"Wewe?" Mama Mkuu aliuliza. Huyu ndiye mama mzazi wa Mfalme, na tangu Mfalme augue, neno lake ndilo sheria ya uani. Alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mto, na sikio lake moja zuri amelielekeza mlangoni. "Umeleta majani yenye maji wewe?"

"Ndiyo, Bibi. Niliyachuma alfajiri."

"Mwongo!" Miaozhen alimrukia na kumzaba kofi la begani. "Mwongo mkubwa wee! Asubuhi hii nani alikuvuta blanketi? Nani alikumwagia maji usoni? Ulikuwa unakoroma kama towashi Pang!"

"Mimi sikoromi," alisema Pang.

"Nyamaza, unakoroma, uani kote tunakusikia!"

"Niliamka kabla yako, Mama," Chengyu alisema bila kumtazama. "Nikachuma, nikaweka kapu mahali pako, nikarudi kulala."

"Na kupangusa?" Mama Mkuu aliuliza. "Katoto kanakozaliwa katika jumba hili kanajua kwamba jani hupanguswa kwa kitambaa, moja moja, ndipo liende kwenye ungo."

"Nilisahau. Nilitaka viwavi wa mama yangu washibe kabla ya wale wa Bibi Ruolan."

Miaozhen alifungua kinywa. Midomo ilianza kumcheza.

"Hakuna kulia humu," Mama Mkuu alionya. "Wapo viwavi wazima bado. Anayetaka kulia atoke nje."

Ndiyo desturi ya Nyumba ya Viwavi. Hawaingii na manukato, hawataji msiba, na machozi hayadondoki mle ndani, kwa maana wanasema kiwavi akisikia kilio hukataa kusokota. Miaozhen alimeza machozi yake, akasimama wima. Ruolan naye alimeza ya kwake, lakini yake yalikuwa ya aina nyingine.

"Angekuwa kijakazi, ningesema fimbo," Mama Mkuu alisema polepole. "Angekuwa mke wa Mfalme, ningesema hariri nyeupe, ajifunge mwenyewe shingoni. Hii ni ibada ya nchi, si mchezo. Lakini mwana wa Mfalme hapigwi wala hanyongwi. Ataenda kaskazini, kwenye makaburi ya mababu. Atafagia huko mpaka nife mimi. Pengine mpaka afe yeye. Aondoke leo, kabla ya chakula cha mchana."

"Mama Mkuu!" Miaozhen alipiga magoti.

"Nimekwisha sema. Na kwa kuwa ungo uliobaki ni wa Ruolan, Ruolan ndiye atakayeongoza ibada ya hariri. Atakayeongoza ibada ndiye Malkia. Mwanawe mdogo, Anle, ndiye mrithi. Ruolan!"

"Naam, Mama Mkuu."

"Hushukuru?"

Ruolan alipiga magoti juu ya sakafu ileile aliyolazwa Dongmei. Paji la uso liligusa ubao.

"Nashukuru, Mama Mkuu."

Alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake.

*

Ni nini kilichomsukuma mama kufanya hivi? Hebu turudi nyuma kidogo tu.

Ruolan alipomzaa Chengyu alikuwa suria wa daraja la chini, na suria wa daraja la chini halei mwana wa Mfalme. Mkunga alimkata mtoto kitovu, akamfunga kitambaa cha manjano, akatoka naye. Ruolan hakupewa hata nafasi ya kumnyonyesha. Alisikia kilio kikipita uani, kikivuka lango, kikiingia kwa Miaozhen, kikanyamaza. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Baadaye Mfalme alimpenda, akampandisha daraja, naye Ruolan akamzalia Anle. Huyo walimwachia. Anle ana miaka minne, analala mkono wake ukiwa ndani ya nywele za mama yake.

Halafu Malkia akafa. Ikasemwa kwamba Miaozhen ndiye atakayevaa taji. Na Malkia, kwa desturi yao, ndiye mama wa wana wote wa Mfalme. Akitaka kumchukua yeyote amlee mwenyewe, anamchukua tu. Hakuna wa kumuuliza.

Wa kwanza alichukuliwa. Ruolan aliapa mbele ya sanamu, ubani ukiwaka, kwamba wa pili hachukuliwi. Baada ya sala hiyo ndipo alipokwenda bustanini na kuchuma majani yenye umande. Mungu atuepushe na sala za namna hiyo, tunazosali huku tumekwisha amua.

*

Alimkuta Chengyu kwenye baraza ya nyuma. Towashi Pang alikuwa anamvisha koti la manyoya lililomzidi mabega.

"Upepo wa huko," Pang alikuwa anasema, "unanyoa ndevu bila wembe."

"Sina ndevu."

"Basi utachukua pua. Funga vizuri hapo shingoni, bwana mdogo. Funga, nakwambia, usinitie ubaya." Sauti ya Pang ilikuwa ya ukali, lakini vidole vyake vilikuwa vinafunga kamba ileile mara ya pili na ya tatu.

"Pang," Ruolan alisema, "tupishe kidogo."

Towashi alimwangalia, akainama, akasogea mpaka kwenye nguzo, akaanza kutazama paa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuliona.

Ruolan hakujua aanzie wapi. Huyu kijana amesema naye siku za sikukuu tu, mbele ya watu, maneno ya adabu. Heri ya mwaka mpya, Mama Mdogo. Ahsante, mwana wa Mfalme. Basi.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Uongo upi, Mama Mdogo?"

"Chengyu."

Akamtazama. Macho ni ya baba yake, lakini ile namna ya kuinamisha kichwa ilikuwa ya kaka yake Ruolan, aliyemwacha kijijini zamani.

"Nilikuona," alisema. "Nilitoka kwenda kujisaidia. Ulikuwa unapita na kapu. Viatu vyako vilikuwa vimelowa mpaka kwenye maua yake yale mekundu. Nikajiuliza, Mama Mdogo anafanya nini kwenye majani saa hizi, wakati jua halijakausha kitu? Nilipowaona viwavi wamekufa nikapata jibu."

"Na hukunitaja."

"Ningekutaja, ungepewa hariri nyeupe."

"Ungeniacha nipewe! Mimi kwako ni nani?"

Alivuta koti.

"Anle bado mdogo," alisema. "Wewe ukiondoka, yeye atabebwa apelekwe kwa mtu mwingine. Mimi nimeshazoea kubebwa."

Msomaji, kuna maneno ambayo mtoto huyasema bila kukusudia kumchoma mtu. Hayo ndiyo huchoma kuliko yote. Ruolan aliinua mkono kumgusa shavu. Mkono ulifika katikati ukarudi. Haukujua njia.

"Mlinde Mama yangu," Chengyu alisema. "Mama Miaozhen. Hali kitu akiwa na huzuni. Mwambie Dongmei amwekee sukari kwenye uji bila kumwambia."

*

"Kumbe uko huku."

Miaozhen alikuwa amesimama kwenye upenu wa baraza. Pini ya nywele ilikuwa imelegea, na hakuiona au hakuijali. Kwa miaka yote wanawake hawa wawili wamekuwa wakirushiana maneno ya siki yaliyopakwa asali, na Miaozhen hajawahi kukosa neno.

"Pang, mpeleke mwanangu akale maandazi kabla ya safari," alisema. "Yale ya mvuke, yenye nyama. Akisema hana njaa, mshindilie."

Walipoondoka, alimsogelea Ruolan. Akatazama chini, kwenye viatu. Vilikuwa vimekauka, lakini hariri ikilowa na kukauka huacha mstari, na mstari ulikuwepo.

"Ni wewe," Miaozhen alisema.

Ruolan aliivuta miguu ndani ya joho.

"Nilidhani unanichukia mimi. Sawa, nichukie, hata mimi nakuchukia, una sauti ya kinanda na roho ya paka. Lakini yule ulimzaa! Utamzaaje mtu halafu umtupe makaburini?"

"Sikujua kwamba atapelekwa! Nilidhani utakosa taji tu! Nilidhani utarudi nyumbani kwako unune, basi!"

"Ulidhani." Miaozhen alicheka kicheko kikavu. "Akiwa na surua nilimweka kifuani mpaka nikaipata mimi. Aking'oa jino ananiletea mimi. Ulijua kwamba anaogopa giza? Mpaka leo, jitu zima lile. Huko makaburini nani atamwashia taa?"

"Usiniambie."

"Nakuambia! Uende nayo kwenye kiti chako cha Malkia!"

Kisha likatokea jambo ambalo uani pale hakuna aliyewahi kuliona. Miaozhen, binti wa jemadari, mwanamke asiyeinama hata akidondosha kitu, alipiga magoti mbele ya Ruolan.

"Chukua taji," alisema. "Chukua kila kitu. Nenda kaseme ukweli, dada. Nipe mwanangu."

Alimwita dada, yeye aliye mkubwa. Ruolan alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga nguzo.

"Nikisema," alinong'ona, "Anle atakwenda wapi?"

Miaozhen angeweza kudanganya. Ilikuwa rahisi, na alikuwa na kila sababu. Aliinua uso, machozi yakimtiririka, maana huku nje kulia kunaruhusiwa.

"Kwangu," alisema. "Desturi unaijua. Nitamchukua, nitamlea, na baada ya muda ataniita mama. Sitakudanganya, Ruolan."

Ngoma ya lango la kaskazini ililia. Farasi walikuwa wamekwisha tandikwa.

*

Mama Mkuu alikuwa bado kwenye Nyumba ya Viwavi. Mbele yake ulikuwa ungo wa Ruolan, viwavi wanene, weupe, wanatafuna. Ukinyamaza unawasikia, ni kama mvua nyembamba juu ya majani.

"Mama Mkuu," Ruolan alisema kutoka mlangoni. "Majani yale yaliwekwa na mimi."

Kikongwe hakugeuka. Alichukua jani kwenye kapu, akalipangusa upande mmoja, akaligeuza, akapangusa upande wa pili.

"Sikusikia," alisema. "Masikio yangu haya yamezeeka. Ingia. Fungeni mlango."

Pang alifunga. Walibaki Mama Mkuu, Pang mlangoni, Ruolan, Miaozhen aliyekuwa amemfuata, na Chengyu aliyerudishwa kuaga, koti likimburuza.

"Kabla hujarudia," Mama Mkuu alisema, "nikusaidie. Ikiwa umekuja kuniambia kwamba kijana huyu amekosa na unamwombea, nitamwongezea blanketi, na kesho utavaa taji, na Anle atakua chini ya macho yako mpaka akae kwenye kiti cha baba yake. Hilo ni jambo moja. Ikiwa umekuja na jambo lingine, basi Anle atavuka lango leo hii kwenda kwa Miaozhen, na wewe utapata ninachoona kinakufaa. Sasa rudia. Nakusikiliza kwa sikio hili."

Alikuwa anamfungulia mlango. Kila mtu chumbani aliuona mlango huo. Ungeweza kupita hapo ukiwa umenyooka, hata kichwa huinamishi.

"Mama Mdogo," Chengyu alisema haraka, "nataka kwenda. Nimesikia kule kuna tai."

"Nyamaza, mwanangu," Ruolan alisema.

Mwanangu. Hakuwahi kulitamka neno hilo kwake. Liliwashtua wote wawili. Miaozhen alitazama sakafu.

Ruolan alijaribu kuomba, akakuta hana cha kuomba. Alikuwa ameomba sana, miaka mingi, na kila mara ameomba apewe. Hakujua sala ya mtu anayetakiwa kutoa. Akaona Mbingu imsamehe, aseme tu.

"Ni mimi," alisema kwa sauti. "Nilichuma majani yenye umande nikayaweka kwenye kapu la Bibi Miaozhen. Niliangalia Dongmei akilazwa nikanyamaza. Niliangalia mtoto akihukumiwa nikanyamaza, tena nikashukuru. Mama Mkuu umesikia, au nirudie tena?"

Mama Mkuu aliweka jani kwenye ungo. Viwavi walilifunika.

"Nimesikia," alisema kwa uchovu. "Nilisikia hata mara ya kwanza. Pang, mvue huyo kijana koti, linamfanya aonekane dubu. Na mlete mdogo."

Anle aliletwa mgongoni mwa yaya, andazi mkononi, makombo mpaka kwenye nyusi. Alipomwona mama yake alipiga ukelele wa furaha, akateleza chini, akamkimbilia, akamkumbatia magoti.

"Mama! Nimekuwekea! Nimekula nusu tu!"

"Wewe mwenyewe utampeleka," Mama Mkuu alimwambia Ruolan. "Mkono wako uutie mkono wake katika ule wa Miaozhen. Asije akasema baadaye kwamba aliibwa."

Ruolan alichuchumaa. Alimfuta makombo. Alimfunga kifungo kimoja kilichokuwa wazi, kisha akakifungua akakifunga tena.

"Anle, utakwenda kwa Mama Miaozhen. Kwake kuna kasuku."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi."

"Kazi gani?" Uso wa mtoto ulianza kukunjamana. Alikuwa hajui kitu, lakini watoto hunusa.

"Sss. Humu hatulii, Anle. Viwavi watakataa kusokota. Nitazame mimi. Umeona? Hata mimi silii."

Akaushika mkono ule mdogo wenye mafuta ya andazi, akautia katika kiganja cha Miaozhen. Miaozhen alifungua kinywa kusema kitu, labda ahsante, labda nisamehe, na akaona kwamba yote mawili hayasemeki.

Chengyu ndiye aliyeokoa hali. Aliushika mkono wa pili wa mdogo wake.

"Twende," alimwambia. "Nitakuonyesha mahali ninapoficha karanga. Lakini usimwambie mtu. Na usiku utalala na mimi, maana mimi naogopa giza."

"Jitu zima?" Anle alishangaa.

"Jitu zima."

Wakatoka, wawili kwa mara ya kwanza wakiwa wameshikana mikono, Miaozhen nyuma yao. Kizingitini Chengyu aligeuka. Aliinama, mpaka chini, ile heshima ambayo mwana humpa mama yake tu na si mama mdogo wala mke wa baba. Kisha mlango ukafungwa.

Ruolan alibaki anatazama mbao za mlango.

"Sasa wewe," Mama Mkuu alisema.

Pang aliingia kwa mlango wa pembeni na ungo mikononi. Ulikuwa umefunikwa kitambaa chekundu. Aliuweka mbele ya Ruolan, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi katika jumba hilo, towashi Pang hakuweza kumtazama mtu aliyemletea kitu.

Kila mke wa Mfalme anajua ni vitu gani viwili vinavyoletwa kwa namna hiyo. Cha kwanza ni joho la kijivu la Ua wa Baridi, ambako mwanamke hukaa mpaka asahaulike, lakini hukaa hai, na labda siku moja husikia sauti ya mwanawe nyuma ya ukuta. Cha pili ni hariri nyeupe, ndefu, iliyokunjwa vizuri.

"Mama Mkuu," Ruolan aliuliza, "ni kipi?"

"Uliweka kapu ukijua lina nini, na wengine ndio waliokuta," kikongwe alijibu. "Leo kuta wewe. Funua."

Viwavi walikuwa wanatafuna. Ruolan aliushika upindo wa kitambaa, akauinua kidogo, na mwanga wa dirishani ukaingia chini yake.